Kabla hujaandika dodoso la kifafa, ulizia dawa

Madaktari vijana wanaotaka kuingia kwenye utafiti wa kifafa huniandikia mara kwa mara. Swali lao huwa moja: nijikite kwenye EEG, yaani kipimo cha umeme wa ubongo, kwenye vinasaba au kwenye picha za ubongo za MRI? Nami huwarudishia swali ambalo wengi hawakulitarajia. Hapo unapotaka kufanyia utafiti, fenobabitoni, dawa ya kifafa, ipo?

Siulizi kwa kejeli. Ukipita nyumba kwa nyumba ukiulizia anayeanguka, familia zitakutolea watu waliokuwa wamefichwa chumba cha nyuma. Utaonyeshwa binti mwenye makovu ya moto kwa sababu alianguka jikoni, na kijana aliyeachishwa shule kwa kuwa wenzake walimkimbia. Huwezi kumpa namba ya utambulisho, ukamshukuru na kupanda gari. Tena, kumwanzishia dawa kwa pesa za mradi kisha mradi ukafungwa ni hatari kuliko watu wanavyofikiri: fenobabitoni ikikatika ghafla, mgonjwa anaweza kupata degedege mfululizo lisilokoma, nalo huua.

Kwa hiyo, kabla ya kupeleka andiko lako NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba Tanzania, kaa na mfamasia wa wilaya. Muulize dawa huadimika miezi gani na hukaa muda gani bila kufika. Fenobabitoni imetumika kutibu kifafa tangu 1912 na bei yake ni ndogo, lakini ni dawa inayodhibitiwa kimataifa, hivyo kuiagiza kuna makaratasi yake. Pia jitambulishe kwa waganga wa jadi wa eneo hilo. Wao huwaona wagonjwa hawa kabla yako, upende usipende.

Nikitafuta mfano wa kazi iliyofuata mpangilio huu, narudi Mahenge, wilayani Ulanga. Dkt. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alitoa dawa, akaandika rejesta, akawafuatilia wagonjwa wake. Katika kuwafuatilia huko ndipo alipoeleza jambo la ajabu: baadhi ya watoto walikuwa wakiinamisha kichwa mfululizo, mithili ya mtu anayesinzia. Miongo kadhaa baadaye hali kama hiyo ikazua taharuki Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, na leo watafiti wengi wanaihusisha na ugonjwa wa usubi, unaoletwa na minyoo wanaoenezwa na inzi wadogo. Mahenge nako wakarudi kuchunguza upya. Sidhani dodoso la wiki mbili lingeyaona yale. Yaliwezekana kwa sababu wagonjwa walikuwa na sababu ya kurudi kliniki.

Swali lako nalo litoke mahali ulipo. Mahenge utauliza kuhusu usubi. Haydom, mkoani Manyara, watafiti wamehangaika na tegu wa nguruwe, ambaye mayai yake hutoka kwenye kinyesi cha binadamu na kuingia mwilini kwa chakula au maji machafu, kisha viluwiluwi vyake vikajikita kwenye ubongo, hata wa mtu ambaye hajawahi kuonja kitimoto. Kilifi, pwani ya Kenya, wamefuatilia kwa miaka mingi watoto walionusurika malaria kali ya ubongo. Hakuna sababu ya kubeba swali lililotungwa Boston ukalipandikize Ulanga.

Kuhusu mashine: EEG ni nzuri, ila mtu mwenye kifafa anaweza kupimwa na kipimo kikatoka safi kabisa. Shahidi ndiye kipimo chako cha kwanza. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hakumbuki kitu, kwa hiyo mtafute shangazi au jirani aliyekuwepo. Kichwa kiligeukia wapi? Mkono upi ulitangulia? Baadaye alilala au aliamka akiwa kama amepotea? Siku hizi kuna simu, waombe warekodi. Mwanafunzi asiyejua kumhoji shangazi mimi simkabidhi mashine.

Na usidanganye kwenye hesabu. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2013, uliohusisha Ifakara ya Tanzania, Kilifi na Iganga ya Uganda pamoja na vituo vya Ghana na Afrika Kusini, ulihesabu kifafa cha degedege tu, kwa sababu anayekodoa macho sekunde chache kisha akaendelea na shughuli zake si rahisi kumnasa kwa maswali ya mlangoni. Walilisema hilo wazi. Nawe sema wazi ni akina nani umewahesabu na ni akina nani wamekupita.

Machapisho, ufadhili, safari za mikutano, hayo utaelekezwa na kila mtu. Mimi nakuomba kitu kimoja kwenye bajeti: weka fungu la nauli za wagonjwa. Mfadhili atauliza linahusiana vipi na sayansi. Mjibu kwamba anayekosa nauli ndiye atakayepotea kwenye takwimu zako, na mara nyingi ndiye anayeanguka kila siku.