Mei 2024, kutoka benchi la nyuma

Swali lenu la wiki linauliza: "Ukiukumbuka mwezi mmoja uliojaa hofu, kipi kilikukosesha usingizi zaidi, habari au burudani?" Najibu kutoka Makorora, Tanga, na mtaniwia radhi nikijibu kwa kirefu, kwa sababu kutisha watu ni sehemu ya riziki yangu. Naendesha kibanda umiza, banda la mtaani la kuonyesha mpira na muvi kwa kiingilio. Kodi ya banda inalipwa na mpira, lakini siku zisizo na mechi mabenchi yanajazwa na muvi za kutisha.

Mwezi wangu ni Mei 2024. Kabla sijaufikia, niwaeleze ninavyoona mambo nilipokaa. Mimi hukaa nyuma, karibu na pazia la mlangoni, na rimoti mkononi na kopo la hela miguuni. Skrini siitazami, muvi zote nimeshazijua. Natazama visogo vya watu. Ukitazama visogo unajua kinachotisha na kisichotisha. Wale maiti wanaofufuka Marekani na kukimbiza watu barabarani, hapa kwetu ni vichekesho; maiti akimng'ata mtu watu wanashangilia kama goli. Lakini weka ya Kiswahili, dada kajifungia bafuni usiku, ndoo inasogea peke yake. Kimya. Wavuvi wa pale mwaloni Deep Sea, watu wanaokesha baharini na kandili moja, wanapandisha miguu juu ya benchi taratibu, kila mmoja akidhani mwenzake hajamwona. Ikiisha wanacheka kupita kiasi, wananunua kachori za Bi Mkubwa pale mlangoni, halafu wanaondoka wawili wawili hata kama nyumba zao zimepishana mitaa minne.

Na vya kwetu hatuvikosi. Nani hajasimuliwa mbwa aliyeingia Mapango ya Amboni akaenda kutokea Mombasa? Wengine wanasema alitokea Kilimanjaro, inategemea nani anasimulia na amelipwa kiasi gani. Mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na Kituruki waliyapima, wakakuta pango refu kuliko yote halizidi mita 900 hivi. Sijamsikia mtu wa Tanga aliyemwacha mbwa wake kwa sababu hiyo, na sioni kwa nini amwache. Anayesimulia anajulikana, yuko mbele yako na tochi, unaweza kumbishia, na mwisho wake mnatoka nje juani mkanywe madafu.

Sasa Mei. Tuliingia mwezi huo tukiwa tayari tumetota. Mwishoni mwa Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa ameliambia Bunge kwamba mvua za El Niño zimeua watu 155 nchini. Kenya nako, Mai Mahiu, maji yalishuka usiku yakabeba watu waliolala. Ndipo likatajwa jina la kimbunga, Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatoa tahadhari kwa ukanda wa pwani, boti za Unguja zikasimama Ijumaa ya tarehe 3, na wavuvi wakaanza kuvuta vyombo juu mchangani.

Kimbunga huku kwetu si mgeni wa kila mwaka. Ili upepo ujizungushe hivyo unahitaji msukumo wa dunia inavyojizungusha, na karibu na ikweta msukumo huo ni dhaifu. Tanga tuko nyuzi 5 tu kusini yake. Ndiyo maana vinavyokumbukwa vinahesabika: cha Aprili 1872 kilicholaza mikarafuu ya Unguja, cha Aprili 1952 kilichoipiga Lindi. Kwa hiyo hofu ilikuwa na msingi. Ila tahadhari ya Mamlaka ilisema inachosema, kasi ya upepo, urefu wa mawimbi, maeneo, saa, ikaishia hapo. Iliyowakesha watu mtaani kwetu ilikuwa sauti ya WhatsApp.

Nimeisikiliza mara nyingi ile sauti, kama fundi anavyosikiliza injini ya mwenzake. Mwanamume anahema. Hajitaji jina, anasema tu yuko kazini "sehemu nyeti" na haruhusiwi kuongea. Kwa nyuma kuna mlango unabamizwa. Anasema saa saba usiku maji ya urefu wa ghorofa tatu yatapiga Tanga, serikali inajua, inaficha watu wasikanyagane. Halafu ananyamaza kidogo, na kwa sauti ya chini anasema, "Mimi watoto wangu nimeshawatoa." Mnyamazo ule ulinikera kuliko maneno yenyewe. Ni wa kupimwa. Waongozaji wengi wa muvi zetu hawauwezi.

Bi Mkubwa aliisikia kwenye simu ya mjukuu wake. Jioni nilimkuta kafunga kila kitu ndani ya ndoo ya mfuniko: hati ya nyumba, dawa za presha, picha ya marehemu mumewe na kilo mbili za unga wa ngano.

"Mwanangu, wewe mwenye watu wako huko kwenye simu, hebu waulize. Hiyo saa saba ni ya leo au ya kesho?"

"Bibi, aliyesema ni nani?"

"Wamesema ni mkubwa."

"Mkubwa wa wapi?"

Akanitazama kama mtu anayepotezewa muda. Nikamwekea taarifa ya habari ya saa mbili, tukaisikiliza pamoja, ila ndoo hakuifungua. Usiku ule upepo ulivuma, bahari ikachafuka, umeme ukakatika mtaani. Hidaya kilifika upande wa Mafia Jumamosi ya tarehe 4 kikapungua nguvu. Saa saba ilipita. Jumapili asubuhi sauti ile ilikuwa imeshasahaulika, wala hakuna aliyetafuta kujua ilikuwa ya nani.

Wiki iliyofuata kukawa na dhoruba ya jua, yaani jua kurusha chembe zenye umeme kuelekea duniani, tarehe 10 na 11, kali kuliko zote tangu 2003. Nchi za mbali na ncha za dunia ziliona mbingu imegeuka waridi na kijani. Kwetu tuliona mawingu ya masika tu. Lakini ule ujumbe wa zamani wa miale ya anga, zima simu usiku, usilale nayo karibu, ulipata uhai mpya. Jumapili ya tarehe 12 intaneti ikakatika kweli. Hapo hata mimi nilikuna kichwa. Kumbe ni nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilizokatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kueleza hilo kwenye banda lenye watu arobaini waliopokea ujumbe wa jua usiku uliotangulia ni kazi ngumu. Nilijaribu. Mmoja akaniuliza: jua halifiki chini ya bahari?

Kibiashara, nisiwafiche, zile zilikuwa siku nzuri. King'amuzi hakitegemei intaneti, flashi nazo hazitegemei. Watu waliozoea kulala na simu usoni walirudi kwenye mabenchi. Na kwa kuwa hakukuwa na cha kutuma wala cha kupokea, muvi ikiisha walibaki wakizungumza. Ndipo mzee mmoja wa Kipemba, mnunuzi wa pweza, alipoleta habari za Popobawa, lile jini linalosemwa huvamia watu usiku, wa mwaka 1995.

Alianza kama wanavyoanza wote: harufu, kishindo cha bati, watu kulala nje uani kwa makundi, moto umewashwa, redio imefunguliwa usiku kucha. Vijana walikuwa wakicheka, na yeye mwenyewe alicheka. Kisha akasema, kwa sauti ileile, kwamba habari zilipotoka Pemba zikafika Unguja, kijana mmoja mgonjwa wa akili, aliyetoka bara kufuata matibabu, alikamatwa na umati uliomdhania ndiye. Wakamuua. Ni kweli, limeandikwa. Nilitazama visogo. Hakuna aliyepandisha miguu. Mmoja aliuliza, "Alikuwa nani?" Mzee akajibu, "Mgeni tu."

Popobawa hakumuua yule kijana. Waliomuua ni watu waliokuwa wanaogopa, kila mmoja akiwa amesikia kwa mwingine. Tangu usiku ule nimekuwa nikiyapima mambo ya Mei kwa kipimo hicho, na jibu langu kwenu linatoka hapo: burudani haikunikosesha usingizi, na kimbunga hakikunikosesha sana. Kilichonikosesha ni hadithi isiyo na msimuliaji, inayopita mkono kwa mkono mpaka imfikie mtu aliye tayari kuitendea kazi.

Mwezi haukuwa umeisha. Usiku wa tarehe 30, mkoani Kagera, mtoto wa kike mwenye ualbino, umri wake miaka miwili tu, aliporwa kutoka kwa mama yake nyumbani kwao. Habari ilitufikia huku Tanga wakati tunapanga mabenchi ya fainali ya Ulaya, Juni 1, Real Madrid na Dortmund. Watu waliisoma wakiwa foleni ya kuingia. Katikati ya Juni yakapatikana mabaki yake. Nilizidi kufikiri juu ya flashi zangu. Nina muvi za mganga zisizopungua kumi, na karibu zote zina kisa kimoja: kijana kafilisika, kaenda kwa mganga, mganga kamtaka alete kiungo cha mtu, kijana kapata gari. Mwishoni huadhibiwa, ndiyo, lakini gari lenyewe linaonyeshwa kwa dakika ishirini. Serikali ilikwisha kuwapiga marufuku wapiga ramli chonganishi tangu Januari 2015. Kwenye skrini yangu walikuwa wakifanya kazi kila Jumatano.

Kuna fundi baiskeli mtaani kwetu, kijana mwenye ualbino, mteja wangu wa miaka. Hukaa benchi la mbele kabisa kwa sababu ya macho, na hakuna anayemgombania nafasi ile. Juni hiyo alianza kuja na kaka yake, ambaye haingii, anakaa nje kwenye baiskeli mpaka muvi iishe. Jumatano moja alisimama mlangoni.

"Leo kuna nini, bosi?"

"Ya mganga."

"Basi niwekee hela yangu ya mpira wa Jumamosi," akasema, akanipa mia tano, wakaondoka.

Zile za mganga nimezifuta kwenye flashi. Za bafuni na ndoo nimeziacha, na Bi Mkubwa anasema kachori zinatoka kama kawaida. Ila banda la mtaa wa pili wanazionyesha bado, na baadhi ya wateja wangu wa Jumatano wamehamia huko.