Kuita koleo koleo

Ndugu, umeuliza kama nahau za Kiingereza "call a spade a spade" na "go out on a limb" zafaa kufasiriwa neno kwa neno. Ya kwanza imekwisha kuzoeleka kwetu kwa sura ya "kuliita koleo koleo", ingawa koleo lenyewe liliingia kwa makosa: Wagiriki wa kale walisema kuita tini tini na hori hori, kisha Erasmus, mwanazuoni wa Uholanzi, alipokuwa akiyatia maneno ya Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, katika Kilatini, akaweka kifaa cha kuchimbia mahali pa hori, na mfasiri Mwingereza Nicholas Udall akalipokea kosa hilo katika Kiingereza mwaka 1542. Mimi ningeandika tu "kusema bila kumung'unya maneno". "Kutumbua jipu" ningeliepuka, kwa kuwa tangu enzi za Magufuli Watanzania wakilisikia huwaza mtu aliyefukuzwa kazi.

Ya pili ndiyo yenye mtego, kwa sababu "limb" hapa si kiungo cha mwili bali ni tawi la mti, na picha yake ni ya mtu anayetambaa kuelekea nchani, ambako tawi ni jembamba na hana pa kushika. Mwingereza huitumia hasa anapotoa maoni ambayo bado hayajaungwa mkono na mtu. Kwa hiyo "nitajitosa kusema kwamba timu hii itashuka daraja" inatosha kabisa, ilhali "kujitoa mhanga" ni kuzito mno kwa ubashiri wa mpira.