Tochi chini ya mwembe

Swali: Assalamu alaykum. Nasomesha skuli moja Tunguu, Unguja, kando ya barabara iendayo Paje. Kila asubuhi trafiki wanasimama chini ya mwembe ule ule na tochi yao ya kupimia mwendo wa gari. Madereva wanapigiana taa, wanapunguza mwendo, wakishapita wanakanyaga tena. Hivi tochi ile inaokoa roho ya nani?

Jibu: Waalaykumu ssalaam, mwalimu. Nimeshika tochi miaka mingi kabla ya kustaafu, na taa hizo nimepigiwa hata mimi nikiwa sijavaa sare. Inaokoa, lakini ni wale tu waliopo karibu na mwembe.

Tuanze na mwendo wenyewe. Gari mbili zinakuja, moja kilomita 50 kwa saa, nyingine 80, na mtoto anakatisha mita 28 mbele. Kabla mguu haujafika kwenye breki, sekunde nzima imeshakwenda. Wa 50 anasimama miguuni mwa mtoto. Wa 80 ameshatumia mita 22 katika sekunde ile tu, kwa hiyo anamfikia bado yumo zaidi ya 70. Hiyo ni lami kavu na tairi nzima, masika usiulize.

Sasa dereva haogopi sana ukubwa wa faini. Anaogopa kukamatwa. Akishajua trafiki wako wapi, hofu yake inaishia hapo hapo. Trafiki wawili wanaohamahama, leo Tunguu, kesho Bungi, keshokutwa Kitogani jioni, wanamfanya ajichunge njia nzima, hata siku ambayo hakuna aliyesimama. Na wasipoteze asubuhi yote kukagua karatasi za daladala huku vespa ya watu watatu, bila kofia ngumu, inapita pembeni. (Mwezi wa Ramadhani, robo saa kabla ya magharibi, ndipo ningewataka wote barabarani. Kila mtu anakimbilia futari.)

Wewe kaa na walimu wenzako wiki moja, muandike watoto wanavuka wapi na saa ngapi. Nadhani mtakuta shida kubwa iko mchana, mkondo wa asubuhi unapotoka na wa jioni unaingia, wakati trafiki wa mwembeni wameshaondoka. Mpelekeeni sheha karatasi hiyo, mwende naye kituoni kwa mkuu wa trafiki. Msiombe trafiki zaidi. Ombeni hao hao wabadilishe saa na mahali.