Nyanya na kiungulia

Dada, umeuliza kama kachumbari ya kila usiku ndiyo inayokuletea kiungulia, na kama uache nyanya kabisa. Usiache. Nyanya ina asidi, na ukilala mara tu baada ya kula, asidi ya tumboni hupanda hadi kooni. Mimi nyanya zilinitesa mpaka nilipohamishia kachumbari mchana. Halafu pilipili na kitunguu kibichi mle ndani navyo si malaika, tusiisingizie nyanya peke yake.

Faida zipo: vitamini C, potasiamu, na laikopeni, yaani ile rangi nyekundu yenyewe. Laikopeni mwili huifyonza vizuri zaidi nyanya ikipikwa na mafuta kidogo, kwa hiyo zile unazokaangia maharage hazipotei bure. Vitamini C ndiyo hupungua motoni. Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu amuulize daktari wake kwanza.

Jambo ambalo hukuuliza: kuosha. Juzi nimenunua ndoo ndogo pale Ilula, mkoani Iringa, dirishani mwa basi. Nyanya ngumu, nzuri, lakini kwenye kikonyo kumeganda unga mweupe, nadhani ni dawa ya shambani. Zisugue moja moja kwa mkono kwenye maji yanayotiririka, kisha kata kile kikonyo. Kufutia kwenye kanga hakutoshi, na wengi wetu ndivyo tunavyofanya safarini.

Kiungulia kikizidi wiki mbili, au chakula kikianza kukwama ukimeza, nenda hospitali.