Fedha za haki na usalama: ongezeko hupimwaje?

Swali: Mimi ni msaidizi wa kisheria wilayani Kasulu, Kigoma. Kila Juni husikia kuwa bajeti ya polisi na mahakama imeongezwa. Nitajuaje kama ongezeko hilo ni la kweli?

Jibu: Ndugu yangu, anza kwa kuamua unahesabu nini, kwa sababu hakuna fungu moja, yaani sehemu ya bajeti yenye namba yake, la haki na usalama. Mahakama ina Fungu 40, Polisi Fungu 28, Magereza Fungu 29 na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka Fungu 35. Usichukue jumla ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi bila kuichambua, kwani ndani yake imo huduma kwa wakimbizi, ambayo ninyi majirani wa kambi ya Nyarugusu mnajua kuwa ni kazi ya aina nyingine kabisa. Tena majukumu huhama: Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali ilipoanzishwa mwaka 2018, ilichukua mashauri ya madai yaliyokuwa kwa Mwanasheria Mkuu, na anayefuatilia fungu la Mwanasheria Mkuu peke yake anaweza kudhani kuwa fedha zimepungua.

Kisha ondoa mfumuko wa bei. Bajeti ya Taifa ilitoka shilingi trilioni 41.48 mwaka 2022/23 hadi trilioni 49.35 mwaka 2024/25, yaani ongezeko la asilimia 19, huku bei zikipanda kwa jumla ya takribani asilimia 7 katika miaka 2023 na 2024. Tuseme fungu fulani liliongezwa asilimia 10 katika kipindi hicho: uwezo wake wa kununua umekua kwa asilimia 3 hivi, na sehemu yake katika bajeti nzima imepungua.

Tenganisha pia fedha za maendeleo, kama za majengo, na za matumizi ya kawaida, kama mishahara. Mkopo wa Benki ya Dunia uliojenga vituo jumuishi vya utoaji haki, yaani majengo yanayoweka mahakama za ngazi mbalimbali pamoja, huinua fungu la Mahakama kwa muda. Majengo yakikamilika, fungu hushuka bila hakimu hata mmoja kupunguzwa.

Mwisho, kilichoidhinishwa na Bunge si lazima kiwe kimetolewa. Mimi hutazama kwanza fedha zilizotolewa kwa ajili ya matumizi mengineyo, nje ya mishahara, maana humo ndimo hutoka mafuta ya gari la polisi na nauli ya shahidi anayesafiri kutoka Kakonko hadi Kigoma mjini kutoa ushahidi.