Jibu: Je, mama anaweza kupelekwa kituo cha mbali Ontario, Canada?
Pole sana dada. Ndiyo, daktari akishasema mama hahitaji tena kulazwa, anaweza kupangiwa kituo cha wazee msichokichagua: hadi kilomita 70 kusini mwa Ontario, 150 kaskazini, au hata zaidi huko kaskazini kama nafasi ni chache. Akipata nafasi mkagoma kuondoka hospitalini, mnatozwa dola 400 kwa siku. Lakini akihamia huko, jina lake linabaki kwenye foleni ya kituo mnachokitaka, msiliache lifutwe.

Serikali iliahidi vitanda vipya 30,000 ifikapo 2028. Vizuri, ila kitanda si lugha. Chai ya mama yangu ilikuwa ikipoa mezani kwa sababu hakuna aliyeelewa lugha yake akiomba kushikiwa kikombe. Tukabandika karatasi ukutani: maji, choo, naumwa, nishikie. Fanyeni hivyo siku ya kwanza.