Printa ya Wi-Fi kwenye Linux: anzia kwenye rauta

Jumapili usiku mke wangu, ambaye ni mwalimu, alikuwa na mtihani wa kurasa nne wa kuchapa, na wanafunzi wangeufanya kesho yake saa mbili asubuhi. Printa inawaka, karatasi zimo, kompyuta yetu ya Linux Mint inaonyesha kazi imepokelewa, lakini hakuna kinachotoka. Mchana ilikuwa imechapa vizuri kabisa. Jioni umeme ukakatika, ukarudi.

Nilihangaika na draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa) hadi saa sita usiku. Nilifuta, nikaweka upya, nikapakua nyingine. Kumbe draiva haikuwa na kosa lolote. Rauta ilipowaka tena iligawa upya anwani za IP, yaani namba za vifaa kwenye mtandao: printa iliyokuwa 192.168.1.11 sasa ilikuwa 192.168.1.14, na kompyuta ikawa inabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Ndiyo maana nakusihi usiguse kompyuta kwanza. Chapa ukurasa wa taarifa za mtandao kutoka kwenye printa yenyewe. Mara nyingi upo kwenye menyu ya mipangilio. Humo utaona anwani ya MAC, kitambulisho cha kifaa chenyewe: jozi sita za namba na herufi. Ingia kwenye rauta kwa kivinjari, tafuta sehemu ya DHCP (ndiyo inayogawa anwani), na uagize MAC hiyo ipewe IP moja siku zote. Yangu niliipa 192.168.1.50. Zima printa, iwashe, kisha kwenye kompyuta fungua dirisha la amri (terminal), uandike:

ping 192.168.1.50

Ikijibu, sehemu ngumu imekwisha. Isipojibu, hakikisha printa haijaunganishwa kwenye Wi-Fi ya wageni, kwa sababu rauta nyingi huzuia vifaa vya huko visionane na vya ndani.

Sasa Linux. Kazi za kuchapa husimamiwa na programu iitwayo CUPS, na printa nyingi za mtandao za miaka ya karibuni zinaelewa IPP, lugha ya pamoja ya kuchapa kupitia mtandao, hivyo hazihitaji draiva ya kampuni. Printa ikiwa imewashwa (lazima, maana CUPS huiuliza uwezo wake papo hapo), andika:

sudo lpadmin -p nyumbani -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere

Hiyo -E ikae baada ya jina la printa (yangu nimeiita nyumbani). Hapo maana yake ni "iwashe, ianze kupokea kazi". Ukiitanguliza mbele ya -p, maana inageuka kuwa usimbaji wa mawasiliano, na printa yako itabaki imelala bila wewe kujua sababu.

Kama hupendi kuandika amri, fungua localhost:631 kwenye kivinjari, utafanya yote hayo kwa kubofya. Printa ya zamani isiyojua IPP itahitaji draiva yake. Za HP zina HPLIP, mkusanyiko wa draiva zake.

Kazi zikikwama, lpstat -p itakuonyesha hali. Ukiona "disabled", rekebisha kwanza kilichoisimamisha, halafu:

sudo cupsenable nyumbani

Na karatasi: kompyuta iliyowekwa kwa Kiingereza cha Marekani huchagua Letter badala ya A4. Printa inaweza kusimama ikidai karatasi ambayo kwetu huikuti dukani. Hiyo nayo ilitupata usiku ule ule, saa saba kasoro, na dawa yake ilikuwa mstari mmoja:

sudo lpoptions -p nyumbani -o media=A4